Uchambuzi wa kisa: tripodi ya kilo moja na upepo wa kusi Vumawimbi

## Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mpiga picha wa kujitegemea, mkaazi wa Mjini Unguja. Nitamwita Bi Z. Jina lake, la mteja wake na mwaka wa kazi nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa somo nimeyageuza. Aliniruhusu niandike kwa sharti moja: nisimpambe.

Kazi yake ya kila wiki ni harusi, na mara moja moja picha za hoteli. Tripodi (stendi ya miguu mitatu ya kushikilia kamera) aliyokuwa nayo ilinunuliwa kwa ajili ya video za ukumbini: alumini nene, kilo 3.6, na hata ikikunjwa haiingii kwenye begi lake lolote. Ukumbini haina taabu. Inashushwa garini, inasimamishwa pembeni ya jukwaa, na haiondoki hapo mpaka bibi harusi aondoke.

Kisha akapata kazi Pemba. Mwenye nyumba ya wageni kaskazini mwa kisiwa alitaka picha za vyumba, za msitu wa Ngezi, za machweo upande wa Verani na za alfajiri ya ufukwe wa Vumawimbi. Juu ya hizo alitaka picha moja ya Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota angani, juu ya pwani, ichapishwe kwa upana wa mita moja na nusu na kutundikwa ukutani mapokezi. Agizo hili la mwisho ndilo lililozaa kisa. Picha ya kutazamwa kwenye simu husamehe mtikisiko mwingi. Ya mita moja na nusu haisamehi chochote.

Safari yenyewe ilikuwa na vikwazo vyake. Bi Z. alikuwa na harusi kabla na harusi baada, kwa hiyo alichagua ndege ndogo mpaka Chake Chake. Ndege hizi mara nyingi huruhusu kilo 15 za mizigo, na tripodi ya ukumbini peke yake ingekula karibu robo. Kutoka Chake angepanda gari mpaka Konde, na Konde angechukua bodaboda kupita katikati ya Ngezi hadi Makangale. Kukaa nyuma ya bodaboda na fimbo ya chuma mgongoni si jambo la kufikiria mara mbili. Alihitaji tripodi nyepesi, na muda wa kuitafuta ulikuwa mfupi.

## Uamuzi wa kwanza

Njia alizozipima zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni kutobeba tripodi kabisa. Kamera yake ina kitulizi cha mtikisiko ndani, na kwa lenzi pana anaweza kushika kwa mkono hadi nusu sekunde ya kamera kupokea mwanga na picha ikatoka safi. Niseme hapa kwamba kwa wasafiri wengi hili ndilo jibu sahihi, na wauzaji wa tripodi hawatakwambia. Lakini nyota zinataka sekunde 15 hadi 20, na hakuna mkono wa kuzishika hizo.

Ya pili ilikuwa tripodi mpya ya alumini kutoka duka moja la Darajani: kilo 1.1, vipande vitano kila mguu, ikikunjwa sentimita 33, ikivutwa yote pamoja na nguzo ya kati, ile inayopandisha kamera juu ya miguu, sentimita 143. Kwenye boksi iliandikwa kwamba inabeba kilo 8.

Ya tatu ilikuwa ya kaboni, iliyotumika, ya mpiga picha mwenzake. Hii ilikuwa na vipande vinne, kilo 1.5, sentimita 45 ikikunjwa, haina nguzo ya kati, na mwisho wa urefu wake ni sentimita 128. Mwenyewe alitaka kama mara nne ya bei ya ile ya dukani.

Alichukua ya dukani. Sababu zake alizitaja waziwazi na si za kipuuzi: ni nyepesi zaidi, ni fupi zaidi begini, ni ndefu zaidi ikisimama, na kamera yake pamoja na lenzi nzito kuliko zote haifiki hata kilo 2.5. Kilo 8 zilionekana kama akiba kubwa. Ile ya kaboni aliiona ghali kwa kitu kilichotumika na ambacho hata hakimfikii machoni.

## Safari ya kwanza

Vyumba vilikwenda vizuri mno. Sakafu ya vigae, madirisha yamefungwa, kamera kwenye usawa wa kifua. Picha za ndani hazipendezi zikipigwa kutoka juu ya macho; dari hutawala na kitanda huonekana kimezama. Miguu haikuvutwa yote na hakuna kilichotikisika.

Ngezi pia haikumsumbua. Chini ya ile miti mikubwa mwanga ni hafifu hata saa 6 mchana, na kwa f/8 na ISO 100 (tundu dogo la lenzi na wepesi mdogo wa kamera kwa mwanga) kila picha ilitaka sekunde kadhaa. Udongo ulikuwa umeshikana, upepo haufiki chini, na mizizi aliyoipiga ilimtaka apanue miguu na kushusha kamera karibu na ardhi. Hapo wepesi ulimlipa: alitembea na mwongozo wa msitu saa nyingi bila bega kulalamika. Angekuwa na ile ya kilo 3.6, alisema, picha ya nne ingekuwa ya mwisho.

Tabu ilianzia pwani.

Ilikuwa Julai, kusi linavuma, na mwezi haujaandama. Usiku wa giza ndio wa nyota, lakini ndio pia wa bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 usiku. Kwa mpiga picha hilo ni jambo jema, kwa sababu mchanga uliolowa unabaki wazi, mpana na mgumu, wakati huohuo kitovu cha Njia Nyeupe kimepanda juu sana upande wa kusini. Bi Z. alikuwa amelipangia hilo, na alilipanga vizuri.

Ila kuelekea kusini ni kuelekea upepo. Kamera ilisimamishwa wima na kuinuliwa kuelekea juu, lenzi pana mbele, uzito wote umelalia upande mmoja wa kichwa cha gololi, kile kiungo cha juu kinachogeuka kila upande. Ili asipige magoti, alivuta miguu yote na nguzo ya kati. Alipohisi mtetemo alifanya lile ambalo kila mafunzo ya upigaji picha husema: akatundika begi kwenye kile kindoana cha chini ya nguzo. Begi likaanza kupembea. Akapiga, akatazama kioo cha nyuma, nyota zikaonekana ni nukta, akaridhika.

Kulipokucha hali ilikuwa nyingine. Maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 alfajiri, kwa hiyo saa 12 na nusu jua linapotoka bahari ilikuwa inarudi nyuma lakini mawimbi bado yanafika juu ya ufukwe. Alitaka kupiga kwa sekunde moja hadi mbili, povu lichoreke likirudi. Akaingia miguu majini, na tripodi ikaingia naye. Kwa busara alivuta kwanza vile vipande vyembamba vya chini, ili kufuli za kuzungusha zinazokaza vipande zibaki juu ya maji ya chumvi na mchanga. Kila wimbi lililorudi lilichota mchanga chini ya miguu ya tripodi, nayo ikashuka kidogo, upande mmoja zaidi ya mwingine. Upeo wa bahari ukawa unalala kulia.

Mvuvi mzee aliyekuwa akikagua ngalawa yake alisimama kutazama, kisha akamwambia: "Mwanangu, kidude chako hicho kinataka nanga." Bi Z. alicheka, akamshukuru, akaendelea.

## Jibu la mteja

Aliporudi Unguja na kufungua picha kwenye kompyuta, aliona kabla ya kuambiwa. Vyumba na msitu, safi kabisa. Machweo ya Verani yalipita kwa kuwa upande ule ulikuwa na kinga ya upepo na alipiga kwa kasi. Nyota zilikuwa na umbo la koma, zote zimepinda upande mmoja. Za alfajiri zilikuwa na ukungu mwembamba ambao ukizipunguza hauonekani, ukizikuza hautoki machoni.

Alizituma hivyo hivyo pamoja na maelezo. Mteja alijibu kwa adabu: "Dada, kwenye simu nzuri sana, ukutani hapana." Walikubaliana arudi mwezi utakapokuwa giza tena, nauli na malazi juu yake mwenyewe.

## Uamuzi wa pili

Safari hii aliazima ile ya kaboni kwa ahadi kwamba ikimfaa ataichukua. Alipanda boti Malindi mpaka Mkoani, si ndege, kwa hiyo mzigo haukuwa tena hoja. (Bandarini na uwanja wa ndege tripodi ibaki begini. Hayo si maeneo ya kupigwa picha, na miguu mitatu iliyosimama huvuta askari kuliko kamera yenyewe.)

Kilichobadilika si chombo peke yake. Aliketi mchangani na kupiga kutoka sentimita 90 hivi, kipande cha mwisho cha kila mguu kikiwa kimebaki ndani. Akaazima pakacha, akalijaza mawe na kulifunga kwa kamba chini ya kichwa cha tripodi, huku tako la pakacha likigusa mchanga. Kamba imekaza, mzigo haupembei. Mzee wa ngalawa alikuwa amesema kweli, na safari hii alisikilizwa. Kwenye mchanga mkavu wa juu aliweka kifuu chini ya kila mguu usizame. Kwenye mchanga wa maji aliviondoa, akaisukuma miguu chini kwa nguvu mpaka ikagoma, ndipo akapanga picha.

Alizima kitulizi cha mtikisiko. Kamera nyingine za sasa hutambua zenyewe kwamba zimesimamishwa, nyingine hazitambui, na kitulizi kinachotafuta mtikisiko usiokuwepo huutengeneza. Saa ya kuchelewesha, inayoifanya kamera isubiri baada ya kubonyezwa, aliiweka sekunde 10 badala ya 2, na mwili wake ukakaa upande wa upepo. Badala ya picha moja ya sekunde 20 alipiga mfululizo wa picha za sekunde 13 kila moja na kuchagua zile zilizotoka wakati upepo umepumua.

Kitu kimoja kilimshinda. Usiku wa kwanza alichoka, akaikunja tripodi ikiwa na maji ya chumvi na kulala. Asubuhi kufuli moja haikuzunguka. Ilibidi aifungue yote, asuuze chembe za mchanga kwa maji baridi ya mfereji na kuianika kivulini, na ile alfajiri ikampita. Watu husema kaboni haishiki kutu, na ni kweli kwa bomba lenyewe. Lakini viungo vyake ni vya alumini, na alumini iliyogusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi huliwa upesi kuliko alumini iliyo peke yake. Tripodi ya bei kubwa inahitaji kuoshwa zaidi.

## Matokeo

Picha ya nyota ilichapishwa na iko ukutani. Alfajiri ilipatikana siku ya mwisho. Mteja alilipa bei ileile ya awali. Ukijumlisha nauli, malazi na harusi ndogo aliyoiacha, safari ya pili ilimgharimu zaidi ya tofauti ya bei kati ya tripodi zile mbili. Ya kaboni aliinunua.

## Uchambuzi

Wengi niliowasimulia kisa hiki wanamaliza haraka: kumbe kitu rahisi ni ghali, na kaboni ni bora kuliko alumini. Sikubaliani nao, au tuseme nakubali robo. Vyumba na Ngezi vilipigwa kwa tripodi ya bei ndogo na hakuna anayeweza kuvitofautisha. Tatizo lilikuwa wepesi ulipatikana kwa kupunguza nini.

Mtengenezaji akitaka kufikia kilo moja ana njia mbili: apunguze urefu au apunguze unene. Soko linapenda tripodi inayofika machoni na kukunjika ndogo, kwa hiyo unene ndio unaokatwa. Ili mguu mrefu ukunjike sentimita 33 lazima ugawanywe vipande vitano, na kila kipande kiingie ndani ya kingine. Ya Bi Z. ilianza na bomba la milimita 22 juu ikaishia na milimita 10 chini. Ya kaboni ilianza na 28, na kwa kuwa ina vipande vinne tu iliishia na 19. Kwa mabomba ya mali moja na kuta za unene mmoja, ugumu wa kutopinda hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu (kipenyo × kipenyo × kipenyo): 19 dhidi ya 10 ni karibu mara 7. Hiyo ni kabla hujahesabu tofauti ya kaboni yenyewe. Na yote haya kwa gramu 400.

Pwani ikaongeza mtego ambao dukani hauonekani. Kanuni ya nchi kavu ni kuvuta vipande vinene kwanza na vyembamba viwe vya mwisho, au visivutwe kabisa. Kanuni ya maji na mchanga ni kinyume: vuta vya chini kwanza, kufuli ziepuke chumvi. Bi Z. alifuata kanuni sahihi ya pwani, na kanuni hiyo ikamlazimisha kusimama juu ya milimita 10. Kosa halikuwa pale ufukweni, lilifanyika siku aliyonunua. Kwa mtu anayepiga picha mjini, barazani au chumbani, kipande cha mwisho ni nyongeza anayoweza kuishi bila nayo. Kwa anayepiga pwani kipande hicho ndicho tripodi yenyewe, kwa hiyo kipime hicho kabla ya vingine.

Zile kilo 8 za boksi nazo zilimpotosha. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Kila mmoja anaandika kwa namna yake, na anachoandika kwa kawaida ni uzito ambao kitu hakitavunjika wala kichwa kuteleza. Kutetemeka ni suala lingine. Kuna jaribio la dakika moja ambalo angeweza kulifanya pale pale dukani: simamisha tripodi kwa urefu utakaoutumia, weka kamera na lenzi ndefu, kuza kioo cha nyuma mara 10 kwenye maandishi ya mbali, ubao wa duka la mbele unatosha, kisha gonga mguu kwa kidole. Hesabu muda mpaka maandishi yatulie. Sekunde moja si neno. Sekunde nne au tano, irudishe rafuni. Mwenye duka anayekataa usifanye hivyo naye amekujibu.

Begi lililotundikwa ni mfano wa ushauri mzuri uliosemwa nusu. Uzito wa chini husaidia, ila ukining'inia hewani wakati wa upepo huwa timazi inayovuta miguu huku na huku. Lazima uguse ardhi. Nguzo ya kati sina la kuitetea: ukiivuta juu umeiweka kamera kwenye mguu mmoja uliobebwa na mitatu. Ile ya kaboni kukosa nguzo Bi Z. alikuona upungufu, na mimi nakuona sifa yake ya kwanza.

Alichofanya vizuri tangu mwanzo kisipotee. Alilinganisha mwezi, maji na nyota kabla ya kukata tiketi, jambo ambalo wageni wenye vifaa vya bei kubwa hulikosa na kujikuta na giza zuri lakini maji kiunoni. Na alimtumia mteja picha mbovu pamoja na maelezo yake badala ya kuzificha kwa kuzipunguza. Nadhani hilo ndilo lililomrudishia kazi.

Tripodi ya Darajani hakuitupa. Aliporudi tuliifanyia lile jaribio la kugonga, mara moja ikiwa imevutwa yote, mara ya pili tukiwa tumekifunga kipande cha mwisho cha kila mguu na kuishusha nguzo. Ikabaki fupi, chini ya mita moja, na maandishi yakatulia takriban katika sekunde moja. Angeitumia hivyo usiku ule wa kwanza, ameketi mchangani, pakacha la mawe chini yake, picha ya nyota huenda ingepatikana. Alfajiri, na miguu majini, isingepatikana, kwa sababu kule kipande cha mwisho hakifungiki bila kuzizamisha kufuli. Kwa hiyo asiye na fedha ya kaboni leo anunue ile ya bei ndogo, aihesabu kuwa ni tripodi ya mita moja, na asiingie nayo baharini.